UZI: Alfred Russel Wallace ni zaidi ya "yule jamaa aliyeporwa na Darwin"

Mbawakawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mjadala wa Darwin ukikolea, lazima atokee mtu aseme nadharia yake ya uteuzi wa asili (viumbe wanaofaa zaidi mahali pao hubaki na kurithisha, na spishi mpya hutokea) ilichukuliwa kwa "jamaa mmoja aliyekuwa visiwani huko". Jamaa mmoja! Hata jina hatajiwi. Nimechoka, leo namfungulia uzi wake.

Niseme mapema: sikuja kumlilia. Ukimfanya Wallace mnyonge wa Darwin, unamvua lile lililo lake hasa, nalo ni swali la WAPI. Wenzake walikuwa wakiuliza mnyama huyu ni wa aina gani. Yeye akauliza: kwa nini yuko hapa, na ng'ambo ile hayupo?

Tuanze na kuzaliwa. Januari 8, 1823, kijiji cha Llanbadoc karibu na mji wa Usk, Wales. Familia ilikuwa na asili ya kujiweza ila fedha ziliyeyuka, kijana akaacha shule akiwa na miaka kama 14. Chuo kikuu hakukanyaga. Alimfuata kaka yake William kupima ardhi, kazi ya kushinda porini na minyororo ya vipimo, na huko ndiko alikoanza kuyaangalia majani. Shikeni hili la upimaji ardhi, tutalirudia.

Mwaka 1844 akapata kazi ya ualimu Leicester. Mjini humo akakutana na Henry Walter Bates, kijana mwenzake mwenye wazimu wa kukusanya mbawakawa. (Ndiyo, jina langu humu nimelitoa hapo.) Mwaka 1848 hao wawili, bila cheo wala mfadhili wa maana, wakapanda meli kwenda Brazil. Mpango wao: tukamate wadudu na ndege, tuwakaushe, tumpelekee wakala London awauze kwa makumbusho na matajiri, tule hapo hapo na tutafute hapo hapo asili ya spishi, yaani aina za viumbe.

Miaka minne Wallace alizunguka Amazon na Rio Negro. Mdogo wake Herbert alimfuata huko, homa ya manjano ikamuua mwaka 1851. Mwaka uliofuata Wallace, mwenyewe akiwa dhaifu kwa homa, akafungasha mzigo wake kwenye meli iitwayo Helen arudi nyumbani. Agosti 6, 1852, katikati ya Atlantiki, meli ikashika moto. Aliwahi kuokoa kisanduku cha bati chenye michoro ya samaki na mimea ya jamii ya minazi pamoja na daftari chache. Vingine vyote, vielelezo alivyovihifadhi kwa ajili yake mwenyewe, viliteketea akiangalia. Siku kumi kwenye mashua ndogo, ngozi ikichubuka kwa jua, mpaka meli nyingine ikawaokota.

Kilichomnusuru asianze kuombaomba ni wakala wake, Samuel Stevens, aliyekuwa amekata bima bila hata kumwambia. Wakala wa namna hiyo aombewe dua.

Mimi ningeishia hapo, ningefungua duka. Yeye mwaka 1854 alikuwa Singapore, tayari kuzunguka visiwa vya Malay, Indonesia na Malaysia za leo.

Naendelea chini, ngoja kwanza nisikie mnasemaje.

Nahodha Mstaafu

Nimeweka kiti. Endelea mkuu.

kijana wa maktaba

Mwanzisha uzi, hapo kwa Darwin usipite haraka haraka. Mtu ana homa kisiwani, anaandika nadharia nzima, anamtumia mkubwa wake kwa barua, miezi michache baadaye mkubwa ni maarufu duniani. Kama huo si wizi, ni nini?

Mbawakawa

@kijana wa maktaba sipiti haraka, ila nitakupa mambo kwa mpangilio uyapime mwenyewe.

Mwaka 1855 akiwa Sarawak, kisiwa cha Borneo, Wallace alichapisha makala iliyosema kwamba kila spishi imetokea mahali na wakati uleule ilipokuwepo spishi ya karibu nayo. Yaani alikwisha kukubali kwamba spishi huzaa spishi. Alichokosa ni namna. Februari 1858, akiwa eneo la kisiwa cha Ternate, homa ikampiga. Kati ya kutetemeka na kutoka jasho akakumbuka aliyoyasoma kwa mchumi Malthus kuhusu njaa na maradhi yanavyopunguza watu. Akajiuliza: katika hao wengi wanaozaliwa, nani hubaki? Akaona hubaki anayefaa zaidi mahali pale, na anarithisha kilichomfaa. Akaandika. Akamtumia Darwin, na kumwomba akiona ina maana amwonyeshe mwanajiolojia Charles Lyell.

Darwin aliipata Juni 1858 na akachanganyikiwa. Alimwandikia Lyell kwamba hajawahi kuona kufanana kwa ajabu kama kule. Lakini jambo ambalo wenye hoja ya wizi hawalisemi ni kwamba Darwin alikuwa na andiko refu la nadharia hiyohiyo tangu 1844, na barua aliyomwelezea Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, mwaka 1857. Halafu siku zile mtoto wake mchanga alikuwa anakufa kwa homa. Mambo akawaachia Lyell na rafiki yake mtaalamu wa mimea, Joseph Hooker. Hao wakaamua maandishi ya wote wawili yasomwe pamoja kwenye chama cha wanasayansi wa viumbe, Linnean Society, London, Julai 1, 1858. Ya Darwin yalitangulia. Mwandishi yeyote kati ya wawili hakuwepo ukumbini.

Kosa liko wapi? Hakuna aliyemuuliza Wallace. Hilo nakupa, tena bila kinyongo. Ilikuwa adabu mbaya, na watu wa tabaka la juu walijipangia. Lakini wizi wa wazo? Hapana. Na yeye mwenyewe alipopata habari alimwandikia mama yake kwa furaha kwamba wakubwa wale wameisifu makala yake. Mwaka 1889 kitabu chake cha nadharia hiyo akakiita Darwinism. Aliyeibiwa haandiki jina la mwizi kwenye jalada.

Kichekesho: Mei 1859 rais wa Linnean Society alisema mwaka uliopita haukuwa na uvumbuzi wowote wa kutikisa.

Bi Kidoto

Huyo rais nimempenda bure 😂

kijana wa maktaba

Sawa, "adabu mbaya" nakubali kushusha hoja hadi hapo. Ila wa kwanza kutajwa ndiye anayekumbukwa, huwezi kukataa.

Mbawakawa

Sikatai. Sasa tuje kwenye lake.

Mwezi Juni 1856 alitaka kwenda Makassar, kisiwa cha Sulawesi. Meli ya moja kwa moja kutoka Singapore ikakosekana, akalazimika kupitia Bali na Lombok. Ameandika mwenyewe kwamba angepata usafiri wa moja kwa moja pengine asingevisogelea visiwa vile. Bali alikaa siku mbili tu. Akavuka mlangobahari kwenda Lombok, safari ambayo siku ya anga safi unaona ng'ambo kwa macho.

Na ng'ambo ile ndege wamebadilika. Bali kulikuwa na zuwakulu na ndege wengine wa Kiasia. Lombok hao hawaonekani tena. Badala yao kuna kakatua weupe wanapiga kelele, kuna ndege wala-asali, kuna wale ndege wanaofukia mayai kwenye chungu ya majani yanayooza. Hao ni jamaa wa Australia. Chui milia alifika Bali, Lombok hakufika. Hali ya hewa ni ileile, volkano zilezile, mimea inafanana. Kama kila mnyama aliumbiwa mazingira yake, kwa nini visiwa pacha vina wakazi wawili tofauti?

Akachora mstari: unapita kati ya Bali na Lombok, unapanda kati ya Borneo na Sulawesi. Mwaka 1868 mwanabiolojia Thomas Huxley akauita Mstari wa Wallace, na jina likaganda.

Sababu ni kina cha bahari. Zama za barafu maji mengi yaliganda nchi kavu, bahari ikashuka kwa mita kama 120. Sumatra, Java, Borneo na Bali zikawa nchi moja na Asia, mnyama anatembea kwa miguu. New Guinea ikaungana na Australia. Lakini mlango wa Lombok una kina cha zaidi ya mita 200, haukukauka kamwe. Wallace aliona kwenye ramani za mabaharia kwamba bahari za magharibi ni za kina kifupi, akaunganisha. Jambo hili ndilo linalonisisimua mwili: mtu ametazama kasuku, akasoma sakafu ya bahari.

Hakupata kila kitu. Alidhani nchi zilizama na kuibuka, kumbe mabara yenyewe yanatembea, na Australia ndiyo iliyosogea ikaja karibu. Hilo lilikuja kueleweka baada ya yeye kufa. Na Sulawesi ilimsumbua maisha yake yote: ina nyani na ina wanyama wenye mfuko kwa pamoja, ina babirusa, yule nguruwe ambaye pembe zake za mdomoni zinatoboa ngozi ya pua kwenda juu, na hafanani vizuri na yeyote wa pande zote mbili. Leo ukanda mzima wa katikati unaitwa Wallacea.

Nahodha Mstaafu

Mlango ule naujua kwa kazi. Mkondo wake ni mkali, maji ya Pasifiki yanashuka kwenda Bahari ya Hindi kama mto. Hata anayejua kuogelea hapo haogelei. Sikuwahi kufikiri kwamba ndege naye anaweza kuuogopa.

Mbawakawa

Asante nahodha. Na wengi wa ndege wa msitu mnene ni kweli hawavuki maji wazi, hata kama mabawa wanayo.

shina la mti

Naomba niharibu sherehe kidogo. Mnasema "alikusanya, alikusanya". Nimesoma kwamba vielelezo vyake vilikuwa laki na ushee. Mtu mmoja, na bunduki moja, kwa miaka minane? Nani alikuwa anabeba? Nani alijua ndege yuko mti gani?

Mbawakawa

@shina la mti hujaharibu, umeleta sehemu niliyotaka mtu ailete.

Hesabu yake mwenyewe ni vielelezo 125,660. Mbawakawa na jamaa zao pekee 83,200. Ndege 8,050. Na hapana, hakuwa peke yake hata siku moja.

Wa kutajwa kwanza ni Ali. Kijana wa Kimalay wa Sarawak, alichukuliwa mwishoni mwa 1855 kama mpishi. Akajifunza kupiga ndege, kisha kuchuna ngozi na kuikausha, mpaka akawa mkubwa wa wasaidizi wote. Oktoba 1858 kisiwani Bacan, Ali alirudi kutoka msituni na ndege kiunoni, akamwambia bwana wake atazame ndege wa ajabu. Alikuwa ndege wa paradiso mwenye ngao ya manyoya ya kijani kifuani na manyoya mawili marefu meupe yamesimama kila begani. Sayansi ya Ulaya haikuwa na habari naye. Leo anaitwa Semioptera wallacii.

Wallacii. Aliyempiga ni Ali.

shina la mti

Ndiyo maana nikasema. Sifa imeenda kwa mwenye kalamu.

Mbawakawa

Imeenda kwake, ndiyo. Ila kwa haki: tunajua kisa hiki kwa sababu Wallace alikiandika kwa jina la Ali, wakati wasafiri wengi wa zama zile waliandika "mtumishi wangu" basi. Walipoagana mwaka 1862 alimpiga picha studio ya Singapore, akamwachia fedha, bunduki zake mbili na zana. Mwaka 1907 mtaalamu wa wanyama wa Marekani, Thomas Barbour, akiwa Ternate alisimamishwa na mzee aliyejitambulisha kwamba yeye ni Ali Wallace. Alijipa jina lile. Au labda alidai chake, mimi husoma hivyo.

Bi Kidoto

Hapa nimepata ukimya kidogo. "Mimi ni Ali Wallace."

Lakini mwanzisha uzi, mbona umewaruka orangutani? Alipiga risasi wangapi Sarawak? Na kuna yule mtoto aliyemuua mama yake kisha akamlea.

Mbawakawa

Sikuwaruka dada, nilikuwa najipanga. Aliwaua wengi, na aliuza ngozi na mifupa, ndiyo ilikuwa nauli yake. Yule mtoto alikuwa hana hata meno. Maziwa hayakupatikana, akamlisha maji ya wali kwa chupa, akamtengenezea kitanda, akamwogesha, akamfungia ngozi ya manyoya ajishikize kama kwa mama. Baada ya miezi mitatu hivi akafa. Wallace aliandika kwa huzuni, kisha akamhifadhi ngozi na mifupa. Sina namna ya kulipamba hili.

Ila mtu huyohuyo mwaka 1857, visiwa vya Aru, aliletewa ndege mdogo mwekundu wa paradiso. Akakaa naye mkononi akawaza: vizazi vyote hivi ndege huyu amezaliwa na kufa katika misitu hii bila jicho la mtu mstaarabu kumwona, na siku watu hao wakifika, watavuruga mizani ya mahali hapa mpaka wamwangamize yeye ambaye ni wao tu wangeweza kuufurahia uzuri wake. Akamalizia kwamba viumbe vyote havikuumbwa kwa ajili ya binadamu. Mwaka 1863 akaandika tena, akifananisha spishi na herufi za kitabu cha historia ya dunia, na kuzitaka serikali zikusanye na kutunza kabla herufi hazijafutika. Mwindaji ndiye aliyesema hayo.

mwalimu wa zamu

Kwa faida ya wanafunzi wanaopita humu, kuna lingine dogo ila ninalifundisha kila mwaka. Darwin alikwama na viwavi. Alishaeleza kwamba rangi kali za ndege dume ni za kuvutia majike. Sasa kiwavi hana ndoa, rangi kali za nini? Akamuuliza Wallace mwaka 1867. Jibu: kiwavi huyo ni mchungu au ana sumu, na rangi ni tangazo kwa ndege, "usinile, utajuta". Baadaye wafugaji wa ndege walijaribu, na ndege wakawakataa viwavi wa rangi kali. Rangi za onyo. Mwanafunzi akielewa hapo, hasahau.

Nahodha Mstaafu

Hilo tamu.

kijana wa maktaba

Mnampamba sana. Semeni na la chanjo.

Mbawakawa

Haya, la chanjo. Kuanzia miaka ya 1880 Wallace alipinga chanjo ya ndui kwa nguvu zote. Uingereza ilikuwa imeilazimisha kwa watoto tangu 1853, na asiyechanja mtoto alipigwa faini, faini iliyowaumiza masikini. Hapo kwenye kulazimisha alikuwa na hoja ya haki. Lakini hakuishia hapo. Alichukua takwimu za vifo akadai chanjo yenyewe haifai kitu, akaenda hadi mbele ya tume ya kifalme mwaka 1890 kulisema. Alikosea vibaya. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na kilichoitokomeza ni chanjo.

Kuna na lingine: tangu miaka ya 1860 alihudhuria vikao vya kuita roho za wafu na akaamini. Mwaka 1869 akaandika kwamba uteuzi wa asili hautoshi kueleza akili ya binadamu. Darwin aliumia, akamwandikia akitumaini kwamba hajamuua kabisa mtoto wao wa pamoja.

mwalimu wa zamu

Mimi nadhani ni tabia ileile moja. Mtu aliyekataa kauli ya wakubwa kuhusu spishi akapatia, akazoea kukataa. Mara nyingine wakubwa wako sahihi.

Mbawakawa

Mwalimu, hilo nakubaliana nalo kwa nusu. Maana ukataaji uleule ulimpeleka pazuri pia. Alitetea haki ya wanawake kupiga kura. Mwaka 1881 akawa rais wa kwanza wa chama cha kutaka ardhi iwe mali ya taifa, na hili halikutoka vitabuni: ujanani alipima mashamba ambayo sheria ilikuwa inayatoa kwa wenye nazo na kuwafungia masikini malisho yao. Nilisema tutarudi kwenye upimaji.

Na upimaji ukamrudisha mahali pengine pa kuchekesha. Mwaka 1870 mtu aitwaye John Hampden aliweka dau la pauni 500 kwa yeyote atakayethibitisha kwamba uso wa maji una mviringo. Wallace, mpima ardhi mwenye shida ya fedha, akaona hizi za bure. Mfereji wa Old Bedford, maili sita zilizonyooka, alama zimewekwa kwa kimo kimoja juu ya maji. Ukitazama kwa darubini, alama ya katikati inaonekana imeinuka kuliko ya mwisho. Mwamuzi akampa ushindi.

Hampden hakukubali. Alimtukana kwa barua miaka na miaka, akaviandikia vyama vya kisayansi kwamba Wallace ni mwizi, akamwandikia hadi mke wake, Annie, kwamba ipo siku mumewe ataletewa nyumbani kichwa kimepondwa. Akafungwa jela, akatoka, akaendelea. Mwisho mahakama ikasema dau lile kisheria si halali, fedha zirudi. Wallace akabaki na gharama.

Bi Kidoto

Kumbe ubishi wa dunia bapa ulikuwepo kabla ya intaneti 🙌

kijana wa maktaba

Na fedha hakupata kabisa maishani? Maana vitabu aliandika vingi.

Mbawakawa

Alizipata kwa kuuza makusanyo, akazipoteza kwenye uwekezaji mbovu. Kazi ya kudumu hakuwahi kupata. Mwaka 1881 serikali ilimpa pensheni ya pauni 200 kwa mwaka, na aliyezunguka kukusanya saini za wakubwa ili apewe ni Darwin. Hili nalo waambie wa hoja ya wizi.

Vitabu ndiyo: The Malay Archipelago cha 1869, alichomtunukia Darwin, kitabu kikubwa cha mtawanyiko wa wanyama duniani mwaka 1876, Island Life mwaka 1880. Mwaka 1907, akiwa na miaka 84, akamjibu mtaalamu wa nyota Percival Lowell aliyedai Mars ina mifereji iliyochimbwa na viumbe wenye akili. Wallace akapiga hesabu ya baridi na wembamba wa hewa, akasema pale hakuna mtu wa kuchimba chochote. Vyombo vilivyofika huko vimemkuta yuko sahihi.

Alifariki Novemba 7, 1913, huko Broadstone, Dorset, na miaka 90. Juu ya kaburi lake umesimamishwa mti uliogeuka jiwe.

shina la mti

Mti wa jiwe. Sawa, hilo nampa.

Nahodha Mstaafu

Mkuu Mbawakawa, na wadudu je? Jina lako la wadudu lakini umetuzungushia ndege na mabaharia.

Mbawakawa

😂 Umenikamata. Haya, mmoja. Kisiwani Bacan palepale alipata nyuki mkubwa kuliko nyuki wote wanaojulikana, jike lina urefu wa karibu sentimita nne, taya kama za mbawakawa. Katika kitabu chake amemwandikia sehemu ya sentensi moja tu: mdudu mkubwa mweusi kama nyigu, mwenye taya kubwa mno. Akapita.

Baada ya hapo nyuki huyo hakuonekana tena na wataalamu mpaka mwaka 1981. Akapotea tena. Januari 2019 akapigwa picha akiwa hai kwa mara ya kwanza. Alikuwa amejichimbia ndani ya kichuguu cha mchwa, juu ya mti.

Bi Kidoto

Sentensi moja! Kipepeo mmoja wa Bacan si alimwandikia kwamba moyo ulimpiga mpaka karibu azimie na kichwa kikamuuma siku nzima?

Mbawakawa

Ndiye huyo, Ornithoptera croesus, wa rangi ya dhahabu ya moto. Alimpata dume mwaka 1859. Nyuki alikosa bahati ya rangi.